Kanga Wangu na Mzee wa Ng'ambo ya Ua

Nimeombwa mara nyingi nimsamehe jirani yangu wa Mumbuni, na karibu kila aliyeniomba alianza kwa maneno yale yale: "Lakini si zilikuwa ndege tu?" Nikisikia hivyo damu hunipanda upya. Kwa hiyo nitaeleza yalivyokuwa, tangu mayai yalipofika kwangu, halafu anayetaka kuniambia walikuwa ndege tu aniambie baada ya kusikia yote.

Tulihamia Mumbuni miaka ya tisini, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu alifanya kazi kiwandani kule Mavoko, akilala huko wiki nzima na kurudi Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja mjini Machakos, na kazi yangu kubwa ilikuwa sare za shule. Kiwanja chetu kilikuwa chembamba: nyumba mbele, choo na jiko pembeni, na nyuma uwanja mrefu uliofika hadi kwenye ua wa kayaba, ule mti wa miiba ambao hata mbuzi huuheshimu.

Kuku wa kienyeji nilifuga tangu mwezi wa kwanza. Shida yangu ilikuwa mwewe. Baada ya zile mvua za El Nino nyasi zilirefuka kila mahali, na mwewe wakaongezeka, sijui walitoka wapi. Kuku akitotoa leo, kesho kutwa amebaki na vifaranga wawili, anawazunguka huku akilia. Niliwahi kusimama uwanjani na ufagio mkononi, nikimtukana ndege aliyekuwa juu kabisa kama doa, na watoto wangu wakanicheka.

Mama yangu aliishi Kithimani, na yeye alikuwa amefuga kanga miaka mingi. Siku moja alikuja kunitembelea na kyondo, kile kikapu cha kusuka, kizito mgongoni. Akakiweka chini polepole kuliko kawaida, akatoa maganda ya ndengu juu, na chini yake kulikuwa na mayai madogo, magumu, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.

"Mwaitu, mama yangu, haya ni ya nini?" nilimuuliza.

"Ya kukupumzisha na mwewe. Kanga akiona kitu juu, hata wewe uliye jikoni utajua."

"Na atakaa na kuku?"

"Akilelewa na kuku atakaa. Lakini usichanganye na mayai ya kuku. Ya kuku yatatotolewa mapema, mama ataamka aende na watoto wake, na haya yatakufa ndani."

Nilikuwa na kuku mmoja mweusi wa shingo tupu, mkali, aliyependa kuatamia hata mawe. Nikamwekea mayai yote. Wiki tatu zilipita, zile alizozoea, na yai halikupasuka. Alisimama, akayatazama, akaketi tena. Nilimpelekea maji na mtama pale pale alipolalia ili asipate sababu ya kutoka. Karibu wiki nzima zaidi alikaa, amekonda, macho yamemtoka, mpaka asubuhi moja nikasikia sauti nyembamba chini ya mbawa zake. Walikuwa wana wa ajabu: miguu myekundu, mistari ya kahawia mgongoni, wepesi kama panya.

Kuwalea ilikuwa kazi. Kifaranga wa kanga huzama kwenye kisahani cha maji, kwa hiyo nilijaza mawe madogo, wakawa wanakunywa katikati ya mawe. Akilowa umande asubuhi anakufa, kwa hiyo niliwaweka jikoni ndani ya katoni mpaka jua likaushe nyasi, na kuku wangu mweusi akiketi kando akinidonoa kila nikipita. Nilipoteza watatu. Waliobaki walimfuata yule kuku kama kivuli. Siku walipopata mbawa za kweli wakaruka wote kwa pamoja juu ya mabati ya nyumba, na yeye akabaki chini, anaita, anazunguka, anaruka na kuanguka. Jioni nzima aliita. Niliacha kupika nikaenda kukaa naye pale uwanjani.

Lakini mama yangu alikuwa amesema kweli. Walipokua, mwewe alipotokea tu upande wa kilima, kanga walipiga kelele wote kwa mpigo, sauti kama bawaba iliyokosa mafuta, na kuku wakajifunza kukimbia chini ya mlimao kabla sijainua kichwa. Msimu ule sikupoteza kifaranga hata mmoja kwa mwewe. Wao wenyewe walikuwa na ukorofi wao. Madume walimpiga jogoo wangu mpaka akawa anakula amejificha, ikabidi niwe na mahali pawili pa kuwalishia. Mayai walitaga ndani ya ua wa kayaba, na nilirudi na mikono imechanika. Sikujali. Nilikuwa nikitoka cherehanini mgongo umekakamaa, naketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, nawatazama wakitembea kwa mstari na mabega yao ya kizee yale, na uchovu unaniacha. Sikuwa na kitu kingine mjini pale ambacho kilikuwa changu hivyo.

Sasa jirani.

Ng'ambo ya ua aliishi mzee wa kanisa. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisi, mtu msafi, mwenye sauti ya chini, kola imefungwa hadi kifungo cha juu hata siku ya joto. Ndiye aliyeongoza ushirika wetu wa nyumbani, kikundi cha majirani tuliokutana Alhamisi kwa zamu, leo kwangu, wiki ijayo kwako, tukisoma na kuomba. Mwaka huo alijenga vyumba vya kupangisha vya mabati, msururu mmoja ulioegemea ua. Wapangaji wengi walikuwa vijana wa mjini, na mmoja alikuwa mama wa mtoto mdogo aliyeanza kutembea, ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori.

Alinijia kwa heshima, ni lazima niseme hivyo.

"Mama, hizo ndege zako," alisema, amesimama langoni, "wapangaji wanalia. Asubuhi hawalali."

"Pole, mzee. Nitafanya mpango."

Na nilifanya. Nilijenga banda upande wa mbali, nikalikandika udongo kuta zote ili sauti isitoke, na nikawa siwafungulii kanga mpaka wapangaji wawe wameshaenda kazini. Nilienda kwake mimi mwenyewe kumuuliza kama kelele imepungua.

"Imepungua sana," akasema. "Wewe ni mtu muungwana."

Hayo ndiyo maneno yake. Ninayakumbuka kwa sababu baadaye watu walisema labda sikumsikiliza, labda nilikuwa na kiburi, labda angefanya nini mzee wa watu. Nilimsikiliza! Nilikandika banda kwa mikono yangu!

Alhamisi moja zamu ya ushirika ikawa kwangu. Nilichinja jogoo, nikapika na wali, na kwa wasiokula nyama nikachemsha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mzee alikula vizuri. Mwishoni alisimama, akafumba macho, akaomba: "Bwana, bariki kazi ya mikono ya mama huyu. Bariki cherehani yake. Bariki mifugo yake." Sote tukasema amina. Mimi niliisema kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata niliwafungulia ndege, nikaenda dukani kununua sukari. Niliporudi uwanja ulikuwa kimya. Kanga hawajui kukaa kimya, kwa hiyo nilijua kabla sijaona. Nilizunguka nyumba, nikamkuta wa kwanza amelala chali, miguu inapiga hewa, mate yanamtoka mdomoni. Wengine walikuwa wametapakaa kando ya ua. Kuku pia. Yule mweusi wa shingo tupu alikuwa amekaa kama anaatamia, kichwa chini, na nilipomshika shingo yake haikuwa na nguvu yoyote. Chini ya kayaba, upande wangu, kulikuwa na punje za mahindi zilizopakwa kitu cha rangi ya zambarau. Mtu yeyote aliyelima anaijua dawa ile. Huwekwa shambani kwa wadudu, na anayeitumia hunawa mikono mara mbili.

Nilikuwa bado nimemshika kuku mkononi niliposikia mayowe ng'ambo. Nilichungulia kwenye mwanya wa ua. Yule mama mpangaji alikuwa amempakata mtoto wake kichwa chini, anamkwangua mdomo kwa kidole. Punje nyingine zilikuwa zimeangukia upande wao, na mtoto alikuwa ameziokota.

"Amemeza?" nilimpigia kelele.

"Sijui! Sijui!"

Niliruka kupitia lango lao, tukambeba mtoto, tukasimamisha gari la mizigo lililokuwa likipita, tukaenda hospitali. Mungu ni mkubwa, mtoto hakuwa amemeza. Alikuwa na punje moja shavuni, nzima, haijatafunwa. Daktari alimwosha mdomo, akamweka mpaka mchana akimwangalia, akaturuhusu. Njia nzima ya kurudi nilimfikiria mtu mmoja tu aliyewahi kuwalalamikia ndege wangu.

Njiani nilikumbuka kwamba mtu anaweza kuokota kuku wangu na kumpika. Nilipofika niliwatangazia wapangaji wote, mlango kwa mlango, wasiguse ndege yeyote. Kisha nikachukua gunia, nikajifunga mifuko ya plastiki mikononi, nikawakusanya. Kanga wote. Kuku zaidi ya nusu. Gunia lilikuwa zito, nikaliburuta.

Nyumbani kwa mzee kulikuwa na watu. Binti yake alikuwa anaolewa, na kamati ya harusi ilikuwa imekutana uani, chini ya turubai, viti vimepangwa, soda mezani. Mzee aliketi katikati. Aliponiona alisimama na kutabasamu, "Karibu, mama, karibu." Nilifungua gunia, nikaanza kuwatoa ndege mmoja mmoja na kuwalaza kwenye nyasi mbele ya miguu yake. Nilisikia tu mtu akiweka chupa chini.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza.

"Hii ni mifugo uliyoibariki Alhamisi."

"Mimi sijui unaongea nini."

"Mtoto wa mpangaji wako ametoka hospitali sasa hivi. Alikuwa na mahindi yako mdomoni."

"Mtu amkanye huyu mama," alisema, sauti ile ile ya chini, akiwageukia wageni. "Ana uchungu. Ni ndege tu, tutamwombea."

Hapo nilipiga kelele. Sitayaandika niliyoyasema, mengine yalikuwa ya Kikamba na si ya kusemwa mbele ya wakwe. Wanawake wawili walinishika mikono wakanitoa. Mmoja wao, tuliyekuwa tukikaa benchi moja kanisani, alininong'oneza, "Umejiaibisha." Mimi! Aliyelaza sumu kwenye ua wa watoto amekaa kitini anakunywa soda, na mimi ndiye niliyejiaibisha.

Mume wangu alifika alasiri, akanikuta nachimba shimo la kuwazika. Alichukua jembe, akalimaliza shimo. Nilishukuru kwa hilo. Lakini Jumapili wazee wa kanisa walituita. Walisema nimevuruga shughuli ya mzee mwenzao, nimemsingizia bila shahidi, na kwamba ingefaa niombe msamaha ili amani irudi. Nilisema sitaomba. Niliuliza kama kuna aliyemuuliza mzee swali lolote. Ndipo mume wangu akasimama.

Nilidhani ananisimamia.

"Wazee," alisema, "mimi kama mwenye nyumba naomba msamaha kwa niaba ya mke wangu."

Mzee alimpa mkono. Wakapeana mikono mbele yangu, na mtu akaanzisha wimbo.

Kuielezea hasira ya siku ile ni vigumu. Kwa jirani nilikuwa na hasira ya moto, ya kupiga kelele. Kwa mume wangu ilikuwa baridi. Nyumbani nilimwekea isyo, mahindi na maharagwe, mezani nikatoka nje. Alinifuata.

"Ungetaka nifanye nini? Tunakaa na hawa watu."

"Wewe unakaa Mavoko," nilimwambia. "Mimi ndiye ninayekaa na hawa watu."

Tulipitisha Jumamosi nyingi tukiongea habari za karo na maji tu. Ushirika niliacha. Waliopita langoni kwangu Alhamisi kwenda kwa wengine walitembea haraka wakitazama mbele.

Yule mama mpangaji ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja mchana mmoja cherehanini kwangu mjini, mtoto mgongoni, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Nilimwona," alisema. "Ile asubuhi. Alikuwa na makasi ya kukata ua, lakini hakuwa anakata. Alikuwa anatoa kitu kwenye mkebe anarusha upande wako. Nilifikiri analisha kuku zako."

"Kwa nini hukusema?"

"Niko na mtoto, mama. Ile nyumba ni yake. Ningeenda wapi?" Akamshusha mtoto mgongoni. "Sasa ametupa notisi. Anasema mtoto anasumbua wapangaji wengine. Kwa hivyo nimekuja."

Nilitaka kumkasirikia na yeye pia. Nilimtazama mtoto, akivuta uzi kutoka kwenye kikapu changu cha vitambaa, na sikuweza. Nilifunga cherehani, tukaenda naye kwa chifu siku hiyo hiyo. Aliyasema yote mbele ya chifu bila kupunguza, na ilimgharimu, kwa maana alihamia Kangundo kwa dada yake kabla mwezi haujaisha.

Chifu alimwita mzee. Mbele ya mtu wa serikali hakukana tena. Alisema alikuwa akitegea panya. Chifu, mtu wa kusema machache, alimuuliza, "Panya wa mchana?" Kisha akamwambia kwamba mtoto angekufa maneno haya yangesemwa mahakamani, akamwamuru anilipe kuku, na aje kwangu aombe msamaha kwa kinywa chake.

Kuku walikuja. Mkewe ndiye aliyewaleta, wamefungwa miguu, kichwa ameinamisha, mwanamke mpole ambaye sikuwa na ugomvi naye.

"Mzee anasema pole," alisema.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Mwambie ni hatua chache. Aje mwenyewe aniambie pole, halafu nipokee kuku."

Alirudi nao. Watu walisema hapo nilizidi, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Lakini Jumamosi iliyofuata mume wangu huyo huyo alienda kwa mzee bila kuniambia. Nilimsikia kupitia ua. "Ule msamaha niliomba kanisani," alisema, "nauondoa. Sikuwa najua. Sasa najua." Mzee alisema kitu sikukisikia. Mume wangu akarudi, akaketi jikoni, akasema, "Nimechelewa." Nikasema ndiyo, umechelewa. Nikamwekea chai. Tukaendelea kutoka hapo, polepole.

Mama yangu aliniletea mayai mengine msimu uliofuata, na nikayakataa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata nikayapokea. Nimefuga kanga mpaka miaka ya elfu mbili, na wapangaji wa ng'ambo walikuja na kwenda, na hakuna aliyekuja kuniambia hakulala. Mzee mwenyewe alinipita njiani miaka hiyo yote akiinua kofia, kana kwamba tuna maelewano.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa sokoni Machakos. Alikuwa amezeeka, anatembea na mkongojo, na akanisimamisha kati ya wauza nyanya. Nilifikiri, sasa anasema. Na nitakiri kwamba nilikuwa tayari kupokea. Neno moja lingetosha.

"Mama," alisema, "unajua, zile ndege zilikuwa na kelele sana."

Nilimngoja aendelee. Hakuendelea. Alikuwa amemaliza.

"Mtoto naye?" nilimuuliza. "Alikuwa na kelele?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha, na nadhani kweli alikuwa amemsahau mtoto. Nilimwacha amesimama pale. Alipokufa, nilipeleka kuni na maji kwa mkewe kama jirani yeyote, nikawasaidia kupika siku mbili. Kwenye mazishi, mhubiri alipowaomba wenye kinyongo na marehemu waseme wamemsamehe, macho mengi yalinigeukia. Niliendelea kugawa chakula.